Waya Uliokunjwa Vizuri

Jumapili, 2 Februari

Mdogo wangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakusihi: haya yabaki kwako peke yako. Usimsomee mwalimu mwenzako hata kama mmeshakuwa wa kufa na kuzikana, usiiache barua ndani ya kitabu cha kufundishia, usiitumie kufungia kitu. Ukimaliza, itie motoni. Najua utacheka useme kaka ameanza tena. Cheka, lakini itie motoni.

Simu siitaki kwa jambo hili. Yako haishiki mtandao mpaka upande kilima nyuma ya shule, na ile ya mama mkuu wa shule yenu husikilizwa na ofisi nzima. Ndiyo maana nimembembeleza dereva wa gari la magazeti, anayepita njia panda ya kwenu, akupe mkononi.

Ni kuhusu bweni jipya la wasichana hapa chuoni, lile ambalo kikundi chenu kililifungia umeme mwaka jana. Siku chache zilizopita mama anayesafisha pale alikuja ofisini akijipangusa kiganja kwenye aproni, akasema bomba la bafu la mwisho lina sisimizi: ukiligusa wakati hita ya maji inafanya kazi, mkono unatambaliwa. Mjomba alikuwepo. Akamtania kwamba labda bomba limempenda, kisha akamwambia awe anakausha mikono kabla ya kushikashika vitu. Tukacheka sote.

Kesho yake Mjomba akaniambia nichukue funguo za bweni nimfuate. Alifungua soketi moja chumbani, mimi nikiwa nyuma yake. Niliona nyaya tatu. Mbili zimekazwa kwenye skrubu zake. Wa tatu, wa kijani na njano, haukufika popote. Umekunjwa, umezungushiwa utepe, umesukumwa nyuma. Mjomba aliutazama muda mrefu. Alipokuwa akirudisha kifuniko, skrubu ikamponyoka, akaitafuta sakafuni kwa kupapasa kama mtu asiyeona, yeye aliyefundisha umeme tangu sisi tuko tumboni na hatujapata kumwona akiangusha hata msumari.

Nikamwuliza kama kuna tatizo. Akasema, "Karani, kazi yako ni funguo."

Tangu mama atutoke na yeye kutuchukua, hajawahi kuniita hivyo. Huniita mwanangu, hata mbele ya Mkurugenzi wa mpango wetu.

Mimi umeme siujui, naujua kwa kuulipia tu. Naogopa kumwuliza tena, na naogopa zaidi kumwuliza mtu mwingine. Wewe ndiye uliyekuwa kiongozi wa kikundi. Niambie: ule waya unapaswa kuwa vile? Wasichana wanakaribia kuhamia, na mimi usingizi umenipaa.

Kaka yako,
Karani


Ijumaa, 7 Februari

Kaka yangu mwoga,

Nimesoma, nimecheka, nimetia motoni. Dereva alinikabidhi bahasha kana kwamba ni yai la mbuni, na walimu wenzangu sasa wanaamini nina mchumba.

Hebu nikuulize. Umekaa mwaka wa pili katika ofisi ya Kalamu na Koleo. Mpango mzima umeanzishwa ili kila mwanafunzi wa shahada atoke chuoni na ufundi mkononi. Watu wa historia tunafunga umeme, watu wa hesabu wanaoka mikate, watu wa sheria wanapiga lipu. Na karani wa mpango huohuo ni kalamu tupu. Balbu ya chumba chako nilikuwa nabadilisha mimi. Ndiyo maana umeona waya mmoja umekaa vingine, roho ikakuruka.

Waya ule ni wa ardhi. Sisi tunauita ethi. Haukusahauliwa, kaka. Umekunjwa kwa makusudi. Kule karakana Mjomba ana sheria yake: ethi haikatwi, haikazwi, inakunjwa. Aliyeikata alipunguziwa alama, aliyeikaza akaharibu ncha alipunguziwa zaidi, na aliyeikunja vizuri alisifiwa mbele ya wote. Ukiona duara limebana, utepe umelala sawasawa na ncha haichungulii, ujue huo ni mkono wangu. Ukiona kitu kama mkia wa panya aliyelowa, huyo ni yule mwenzetu wa fasihi tuliyekuwa tukimwita Mshairi. Sisi wanne tulifunga bweni zima, na siku taa zilipowaka Mkurugenzi alipiga makofi mpaka miwani ikamshuka.

Mjomba umri unamwendea, na anaona uchungu kwamba tumemaliza tunaondoka. Usimtafutie maneno. Na huyo mama wa usafi, mabomba mapya na mikono yenye maji, basi.

Au kuna jambo jingine? Siku nilipochagua umeme uliniuliza kama watu watasemaje, dada wa karani akining'inia kwenye ngazi. Kama bado unaona haya, sema, tusizungukane.

Huku kwenye mazoezi ya kufundisha, nafundisha historia asubuhi, na mchana naitwa huku na kule. Nimefufua redio ya mlinzi na feni ya chumba cha walimu. Watoto wananiita Madam Soketi. Kalamu imenipa darasa, lakini kaka, koleo ndilo lililonipa heshima. Bweni likishazinduliwa na wageni, cheti changu cha ufundi kitatolewa. Nakisubiri kuliko hata shahada. Usikitie nuksi.

Mdogo wako,
Madam Soketi


Jumatano, 12 Februari

Mdogo wangu,

Umenituliza. Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na nilikula chakula cha mchana chote kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nisamehe kwa kukutia shaka. Haya sioni. Nilipouliza watu watasemaje nilikuwa naogopa ngazi, sikuogopa watu. Unajua ninavyoogopa ngazi.

Basi nikupe habari nyepesi. Wasichana wanahamia Jumamosi. Ofisi imejaa magodoro, na mimi ndiye mwenye funguo zote, natembea nikilia kengele kama beberu. Wageni watakaoamua kama Kalamu na Koleo iendelee, na kama vyuo vingine viige, watafika mapema mwezi ujao. Mkurugenzi anataka waingie bafuni wenyewe, wafungulie bomba, waone maji ya moto yaliyofungwa na mikono ya wanahistoria. Hayo ni maneno yake. Anayarudia kila mahali.

Mjomba hana raha. Anakemea wanafunzi ovyo, hanywi chai. Juzi aliniuliza swali la ajabu: siku alipofundisha somo la ardhi, kikundi chenu kilikuwepo? Nikamwambia bila shaka, hujawahi kukosa kipindi chake hata ukiwa na homa. Nimeona nikwambie ucheke, na ujue kwamba nilikutetea.

Chakula unakula vizuri? Usipande kilima peke yako kwa ajili ya mtandao.

Kaka yako,
Karani


Jumapili, 16 Februari

Kaka,

Usiwaruhusu waingie. Kama wameshaingia, zima hita zote, kila bafu. Sikia hilo kwanza halafu ndiyo usome mengine.

Hatukuwepo. Siku ya somo la ardhi mhadhiri wetu wa historia aliuhamisha mtihani wake ukaangukia saa ileile. Tulisimama mlangoni mwa karakana, sisi wanne, na mimi ndiye niliyesema tukafanye mtihani, ufundi utatungoja. Hatukumwambia Mjomba. Tulirudi kipindi kilichofuata, akaendelea na mengine, nasi tukaona aibu kuuliza.

Barua yako ilipofika sikuelewa papo hapo. Mama mkuu alikuwa ameniomba nimtazamie soketi ya birika nyumbani kwake. Nimeifungua, na waya wa kijani na njano umekazwa kwenye skrubu yake, wa tatu, sawa na wenzake. Nilichuchumaa pale na bisibisi mkononi, na nilijua. Mama mkuu aliniuliza kama nimepigwa na umeme. Nikamwambia bado.

Kaka, karakana tulijifunzia kwenye mbao. Ubao umeegemezwa ukutani, unafunga soketi, swichi, taa, unawasha, unafungua, anayefuata anatumia nyaya zilezile. Ubao hauna ardhi. Ethi haina pa kwenda, ndiyo maana Mjomba alitaka ikunjwe isichakae, darasa lijalo liikute nzima. Ilikuwa desturi ya mbao. Sisi tukaihamishia kwenye nyumba ya watu. Na wakati tunafunga bweni, Mkurugenzi alikuwa amemchukua Mjomba kwenye maandalizi ya maonyesho. Alikuja mwisho, akaona taa zinawaka.

Na zitawaka, huo ndio ubaya wake. Kosa hili halipigi kelele. Taa zinawaka, maji yanachemka, kila kitu kinafanya kazi mpaka siku hita itakapovujisha umeme kwenye bomba. Waya wa ardhi ungeuchukua ukaupeleka chini. Usipokuwepo, umeme unangoja mtu mwenye miguu mitupu kwenye maji. Kwa yule mama wa usafi tatizo halikuwa mikono yenye maji, wala bomba halikumpenda. Lilikuwa linamwonya, na mimi nilikuandikia kuhusu mkia wa panya.

Fimbo ya shaba ya kupeleka umeme ardhini wajenzi waliizika nje, hiyo nina hakika. Kinachotakiwa ni kufungua kila soketi, kila hita na ule ubao mkuu wa fyuzi, na kukaza kila tulichokikunja. Kazi ya siku moja kwa watu wanne. Mwambie Mjomba. Leo.

Nimejaribu kilima, mtandao hakuna. Kesho nitaomba simu ya mama mkuu nikupigie ofisini.

Mdogo wako


Alhamisi, 20 Februari

Mdogo wangu,

Nisamehe ile simu. Ulipopiga, Mkurugenzi alikuwa ameegemea meza yangu, tumbo lake liko juu ya kalamu zangu. Nikasikia sauti yako inasema hita, nami nikajisikia nikijibu, ndiyo mama, fomu zitatumwa, karibu sana mama. Barua yako sikuwa nimeipata. Lakini hata ningekuwa nayo, sijui kama ningesema tofauti, na hilo ndilo linalonitafuna.

Wasichana wameshaingia. Wanapakana rangi ya kucha kwenye ngazi, wameanika nguo kwenye kila reli, bweni zima linanuka sabuni na maisha. Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda kwa mlezi wa bweni nikamwambia hita zisiwashwe kwa sababu pampu ina hitilafu. Uongo huo ndio ujasiri wangu wote. Amenikubalia, ila wanalalamika maji baridi, na malalamiko yameanza kupanda ngazi kuelekea kwa Mkurugenzi.

Kisha nikaenda nyumbani kwa Mjomba. Alikuwa uani anatengeneza pasi ya jirani. Nikamwambia najua. Hakuniuliza najua nini. Aliendelea kukaza, akasema amejua tangu siku ile ya funguo, na kwamba alikwenda kwa Mkurugenzi jioni hiyohiyo. Mkurugenzi akamwuliza: taa zinawaka? Zinawaka. Maji yanapata moto? Yanapata. Basi, akasema, marekebisho yatafanywa likizo ndefu, wageni wakishaondoka. Bweni likifungwa sasa, wageni watauliza sababu, na mpango wote utazikwa. Tufunike kombe mwanaharamu apite.

Nikamwuliza Mjomba, na kama mtu ataumia kabla ya likizo? Akaniambia umeme mdogo kama ule haujaua mtu. Nadhani hakuamini mwenyewe, maana hakunitazama. Nikasema basi mimi nitakwenda kwa wakubwa wa chuo, juu ya Mkurugenzi. Hapo akaweka bisibisi chini.

"Watauliza nani alifunga," akasema. "Unataka nimtaje mdogo wako?"

Akanieleza, taratibu, kama anavyoeleza darasani. Cheti chenu wanne kitafutwa. Jina lako litabaki kwenye midomo ya watu kuwa ndiye aliyetega wasichana. Nani atakupa shule, nani atakupa nyumba yake uifungie umeme? Yeye atafukuzwa, sawa, amekula chumvi ya kutosha. Lakini wewe ndiyo kwanza unaanza. Akasema mkono usioweza kuukata, ubusu.

Nimekaa na hili siku mbili. Niambie nifanye nini, nami nitafanya, ila usiniambie nikutaje. Hilo siliwezi.

Kaka yako,
Karani


Jumatatu, 24 Februari

Kaka,

Unanilinda mimi kwa miili ya wasichana wa watu. Umewahi kuyaandika maneno hayo ukayatazama? Mimi nimeyaandika, na nimeyatazama.

Kombe gani tufunike? Kombe hili lina watu ndani, wanaoga.

Cheti kichomwe. Nitaje. Nenda kwa wakubwa wa chuo, sema mimi ndiye niliyekunja, sema wote wanne tulikwenda mtihanini tukaacha somo. Nimewaandikia wenzangu watatu, Mshairi na wale wawili. Wako pale mjini, watakuja nikiwaita.

Kama huwezi kusema, basi fanya. Kwenye korido ya chini kuna kabati la chuma. Vaa viatu vya mpira, mikono iwe mikavu. Shusha kwanza ule mkono mkubwa mwekundu, bweni lote litazimika. Hakikisha taa ya korido imezimika kweli. Ndipo uvute fyuzi, vile vipande vyeupe vya kauri, moja moja, kwa kushika kauri tu, bila kugusa kitu kingine ndani. Chukua zote, uondoke nazo. Hutakufa, kaka. Ukifuata hivyo hutakufa, nakuapia kwa mama.

Mimi siwezi kuja kabla ya Jumatatu ijayo, tarehe 3. Siku hiyo mkaguzi wa chuo anakuja kunitazama nikifundisha. Nisipokuwepo, shahada yangu imekwenda na maji, na hakuna kurudia. Mama mkuu amenikatalia ruhusa mara mbili. Akishaondoka tu, napanda gari la kwanza. Wazuie mpaka hapo. Ni siku chache tu.

Mdogo wako


Ijumaa, 28 Februari

Mdogo wangu,

Siku hizo chache hazikuwepo.

Jumanne, kabla barua yako haijafika, Mkurugenzi alikwenda bwenini mwenyewe akawasha hita kwa mkono wake, akawaambia wasichana karani wenu ni mwoga wa pampu. Wakamshangilia. Mchana msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, anayesoma hesabu na kujifunza kuoka, alikutwa ameanguka bafuni na maji yanatiririka. Yuko hai. Nakuambia mapema usije ukaacha kusoma. Yuko hai, lakini mkono wa kulia haushiki kitu, na madaktari hawasemi kama utarudi.

Chuo kimetangaza kwamba aliteleza kwa sabuni.

Nilitumwa nimpelekee sweta na kitambulisho. Mama yake alikuwa kando ya kitanda, na upande wa pili amekaa Mjomba, ndiye aliyetumwa kumweleza habari ya sabuni. Msichana alinitambua kwa ajili ya funguo. Akasema, "Sikuteleza, kaka. Bomba lilinishika. Nilimwita mama, sauti haikutoka."

Mama yake akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama viatu vyake. Mimi nikaweka sweta kitandani, nikatoka nje.

Barua yako niliipata Jumatano. Nilisoma yale maelekezo mpaka nikawa nayatamka bila karatasi. Jana asubuhi, wasichana wakiwa madarasani, nilikwenda kwenye kabati. Nilivaa viatu vya mpira vya mtunza bustani, vimenizidi, nilitembea kama bata. Nilishusha ule mkono mwekundu. Taa ikazimika. Nilivuta fyuzi moja moja, na kwa kila moja nilisema kwa mama, kwa mama, kama ulivyoapa. Kisha nilifanya jambo ambalo hukuniambia. Nilimwendea mlezi wa bweni nikamwambia ni mimi nimezitoa, kwamba msichana yule hakuteleza, na asiruhusu mtu yeyote aweke nyingine mpaka kila waya wa ardhi ukazwe. Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilitoka. Akaniuliza nimeyajuaje ya umeme, mimi karani. Nikakutaja, wewe na siku ya mtihani. Nilikuandikia kwamba hilo siliwezi, na nililiweza kwa urahisi kuliko nilivyoweza fyuzi. Nisamehe, au usinisamehe.

Sikungoja. Nilipofika getini nilikuwa nakimbia.

Sasa hali iko hivi. Mkurugenzi amenitangaza mwizi wa mali ya chuo, na walinzi wamekwenda kwenye chumba changu mara mbili. Wakubwa wa chuo niliwapelekea ujumbe. Wamejibu kwamba watalisikiliza jambo baada ya wageni. Wageni ni Jumatatu, tarehe 3, asubuhi, saa zilezile za mkaguzi wako. Kabla hawajafika, fundi wa kukodi ataweka fyuzi mpya. Hatafungua soketi hata moja, amelipwa kuwasha. Wasichana wamekataa kuoga. Mwenzao amewapelekea habari. Mkurugenzi anasema ni uvumi wa wasichana, na atakayekataa kukaa bwenini siku ya wageni atafungasha godoro. Wengi wao hawana pa kulipeleka. Wataingia.

Nani atamwamini karani? Hata mlezi, mwenye roho nzuri, alinisikiliza kama anayemsikiliza mgonjwa. Anayetakiwa ni mtu wa kusimama mbele yao na bisibisi, afungue soketi moja, autoe ule waya waone, aseme mimi ndiye niliyeukunja na hivi ndivyo unavyokazwa. Wenzako watatu nimeonana nao. Wako tayari kufanya kazi, lakini kusema hawawezi, kila mmoja anasema kiongozi alikuwa wewe. Mlezi ana ufunguo wa mlango wa nyuma. Hajaahidi, ila amesema Jumapili mchana atakwenda kutembelea mgonjwa na huenda akasahau kufunga.

Ukija Jumapili hutawahi kurudi kwa ajili ya mkaguzi. Gari la kurudi ni Jumatatu jioni. Nimepiga hesabu kila upande zikakataa. Nimekwambia bei yake. Siwezi kukuambia uilipe. Mlangoni mwa karakana mlichagua mkiwa hamjui. Leo unajua.

Nilipo ni hapa, na usimwambie mtu hata wenzako: upande wa pili wa reli kuna fundi wa kutengeneza cherehani, mwenye mlango wa bluu ulioliwa na kutu chini. Alisoma na mama darasa moja. Nimo chumba cha nyuma, kati ya cherehani mbovu. Jana Mjomba alipita dukani. Sijui aliambiwa na nani. Aliuliza kama kuna mkanda wa mashine ya mkewe, wakati tunajua mkewe hana mashine, akaondoka bila mkanda na kukiacha kwenye meza kile kifaa chake cha kupimia umeme. Fundi alimkimbilia nacho, Mjomba akasema si chake.

Ukija, shuka kituo kimoja kabla ya chuo. Kituo cha chuo kina walinzi. Usije na begi kubwa. Bisibisi itie kwenye mkono wa sweta. Tembea kando ya reli mpaka upite tangi la maji, usiulize njia. Dukani usinitaje. Mwambie fundi umeleta sindano ya kubadilisha, naye atakuambia hana saizi hiyo, uzunguke nyuma. Mlango wa nyuma utaukuta na kufuli kwa nje. Usirudi nyuma, nimemwomba anifungie hivyo. Sogea kwenye dirisha lenye kadibodi, useme lile jina alilokuwa akiniita mama peke yake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepita. Kwa jina jingine sitalifungua dirisha, hata nikisikia ni sauti yako. Nitakuwa macho Jumamosi yote na Jumapili mpaka mchana. Baada ya hapo nitatoka na fyuzi zangu kwenye soksi, niende nikasimame mbele ya kabati lile mwenyewe, nimzuie yule fundi wa kukodi, na mtanikuta hapo.

Kaka yako